Kobe wa Nyumbani Nyanda za Juu Kusini: Maswali ya Chakula Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu tuanze kutunza kobe hapa Kihesa, Iringa, haipiti wiki sijaulizwa kobe anakula nini. Mmoja ananisimamisha sokoni Mlandege, mwingine anapiga simu kutoka Uyole au Makambako, kobe yuko ndani ya katoni mbele yake. Karibu wote wanampenda mnyama wao kwa dhati, na wengi wanamuumiza kwa sahani bila kujua. Nimeyakusanya maswali yao hapa. Utaona narudia jambo moja mara nyingi: kobe hulishwa kwa aina yake na kwa joto la mwili wake. Chakula kizuri kwa kobe mmoja ni ugonjwa kwa mwingine, na chakula kizuri saa sita mchana kinaweza kuozea tumboni usiku wa Julai.

Nitajuaje kobe wangu ni wa aina gani?

Mwangalie mgongoni. Akiwa na gamba lililobinuka kama chungu kilichofunikwa, la rangi ya manjano au kahawia hafifu lenye madoa na michirizi myeusi, huyo ni kobe madoa, Stigmochelys pardalis. Ndiye anayepatikana kwenye nyumba nyingi za huku, na asili yake si huku juu bali tambarare za joto: Pawaga, Idodi, Usangu, mpaka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Akikomaa hufika sentimita 30 hadi 45, na anaweza kuzidi kilo 15. Huyu ni mla nyasi.

Akiwa mdogo, wa sentimita 20 hivi, kahawia, na ukiona mstari unaokata gamba la mgongo sehemu ya nyuma, huyo ni kobe mwenye bawaba, wa jenasi ya Kinixys. Akiogopa hulishusha gamba la nyuma kama mlango na kuifunika miguu. Kuwa mwangalifu hapa, maana kwa mtoto bawaba haijatokeza bado, kwa hiyo angalia pia umbo: ni mrefu kidogo na hakubinuka sana. Huyu hula mchanganyiko, na jibu lake liko chini.

Kuna wa tatu, bapa kama chapati, gamba linabonyea ukiligusa, anaishi kwenye nyufa za miamba. Huyo mwache pale pale. Ni miongoni mwa kobe walio hatarini zaidi kutoweka, na tangu 2019 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, umemweka kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi.

Ni halali kumfuga?

Si kwa kuokota tu. Kobe ni mnyamapori, na chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 unahitaji kibali kabla ya kumweka nyumbani. Anza kwa afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Ukimkuta anavuka barabara ya Tanzam, mvushe kuelekea upande aliokuwa anakwenda, umwache aendelee. Usimrudishe alikotoka, maana atageuka na kuvuka tena.

Nimesoma mtandaoni kwamba kobe ale nusu nyama na minyoo, nusu mboga. Mbona wewe unakataza?

Swali hili limewagharimu kobe wengi. Kurasa nyingi za lishe ya kobe zimeandikwa na watu wa Marekani wanaofuga kobe sanduku, wa jenasi ya Terrapene. Huyo ni mdogo, anaishi misituni na kwenye majani yenye unyevu, na bawaba yake iko kifuani, ndiyo maana anaweza kujifungia kabisa kama kisanduku. Kwao hula konokono, minyoo, wadudu, uyoga na matunda yaliyoanguka, na akiwa mdogo huhitaji nyama zaidi kuliko akikomaa. Maelezo yale ni sahihi kwa kobe wao.

Ukiyachukua ukampa kobe madoa, unamlisha mbuzi kwa dagaa. Figo zake hazikuumbwa kutoa taka za protini nyingi. Zile taka huganda kuwa chumvichumvi kwenye viungo na kwenye figo zenyewe, na kobe hufa taratibu huku gamba likionekana zuri. Kwa hiyo kobe madoa asipewe nyama, dagaa, mayai, maziwa wala chakula cha mbwa, hata akionekana anakitamani.

Basi kobe madoa ale nini kila siku?

Nyasi kwanza. Katika kila chakula cha siku, robo tatu au zaidi iwe nyasi na magugu. Ukoka ndio msingi wetu. Unaota wenyewe pembeni mwa karo la maji na kwenye njia ya kwenda chooni, na kobe huukata kwa mdomo wake kama mkasi. Kobe mwenye uwanja wenye ukoka amemaliza sehemu kubwa ya mahitaji yake bila wewe kushika kisu.

Juu ya nyasi weka magugu ya shamba: mchunga, kishonanguo kikiwa bado kichanga, kongwa wakati wa mvua. Yale mnayong'oa kwenye mahindi mkayatupa kando ya tuta, kwake ndiyo karamu. Halafu majani ya mforosadi, majani na maua ya haibiskasi ile nyekundu ya uzio, majani ya maboga na maua yake.

Kuna dungusi pia, yaani mpungate, na dungusi ninaisifu popote nikiwa. Iringa imejaa mpungate kwenye nyua na miinuko ya mawe, watu wanaiona kama kero. Kipande kimoja cha jani lake kina kalsiamu nyingi, nyuzinyuzi na maji. Kikate kwa kisu kirefu, kipitishe kwenye moto wa jiko miiba iungue, kikwangue, kikatekate. Wetu akikisikia harufu hunyanyua shingo, hukanyaga kipande kwa mguu wa mbele na kuvuta kwa mdomo mpaka ute wa kijani unamtiririka kidevuni. Nikimwona na ndevu zile za kijani najua siku hiyo amekula.

Kiasi? Kwa mkubwa, rundo la majani linalolingana na ukubwa wa gamba lake, mara moja kwa siku. Watoto nao wale kila siku, majani yakatwe madogo. Nyasi na magugu hata vikizidi havina ubaya mkubwa. Vitu laini vya sokoni ndivyo vya kupimwa.

Ugali je? Na pumba, mkate, wali?

Hapana. Najua jibu hili linauma, kwa sababu kobe hula ugali kwa hamu na watoto hufurahi kumwona. Na sisi tulimpa, mwaka wa kwanza, vipande vya ukoko kila jioni. Baada ya wiki chache kinyesi chake, ambacho kilikuwa kama vijiti vya nyasi vilivyosokotwa, kiligeuka uji wenye harufu ya pombe ya jana. Nyasi akawa anazinusa na kupita.

Sababu yake ni hii. Utumbo mpana wa kobe madoa umejaa vijidudu vinavyochachusha nyuzinyuzi, kazi ile ile inayofanyika kwenye tumbo la ng'ombe. Ukimwaga wanga humo, vijidudu vya wanga hushamiri na vile vya nyasi hufa. Mfugaji yeyote wa Njombe aliyewahi kuona ng'ombe amevunja banda la mahindi anajua kinachofuata.

Pumba zina kosa la pili. Zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Kobe anahitaji kalsiamu mara mbili ya fosforasi, au zaidi. Fosforasi ikizidi, mwili huchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa, na gamba lenyewe ni mfupa. Tulichukua miezi miwili kumrudisha: nyasi peke yake, maji, jua, na uvumilivu wakati anagoma. Usimhurumie wakati huo ukampa “kidogo tu”.

Mboga za sokoni zipi zinafaa?

Chainizi na matembele, sawa, mara mbili kwa wiki. Majani ya figili pia. Kabichi na sukuma kidogo na kwa nadra, kwa sababu zikiwa chakula cha kila siku huizuia tezi ya shingo kutumia madini joto. Spinachi na mchicha zina oksaleti inayoishika kalsiamu isiingie mwilini. Shina moja la mchicha halimuui mtu wala kobe, ila nimekutana na kobe Mbeya mjini aliyelishwa mchicha mtupu miaka miwili, na gamba lake lilibonyea kwa kidole gumba. Kisamvu kibichi usimpe kamwe, kina sumu ya sianidi.

Osha kila kitu. Nyanya na mboga nyingi zinazofika mijini zimepuliziwa dawa siku chache kabla, na mwili mdogo huhisi kile ambacho wewe hukihisi.

Tuna ndizi za Tukuyu na maparachichi mpaka yanaoza chini. Si halali yake?

Ndizi mbivu ina, kwa kila gramu 100, kalsiamu miligramu 5 hivi na fosforasi 22. Hesabu imegeuka kichwa chini, na sukari juu yake. Kwa kobe madoa matunda yawe tukio la mara moja kwa mwezi, kipande cha ukubwa wa kichwa chake. Papai lina afadhali. Tunda la mpungate ndilo bora kuliko yote.

Parachichi ni marufuku. Majani yake, ganda na kokwa vina sumu ambayo imeua mbuzi, farasi na ndege, na nyama yake ni mafuta matupu kwa tumbo lisilojua mafuta. Kwa wenzetu wa Rungwe na Njombe wenye miparachichi uwanjani: zungusha uzio chini ya mti, usitegemee kobe atachagua.

Mimea gani mingine imkae mbali?

Majani na mashina ya viazi mviringo na ya nyanya, yote yana sumu, na viazi vilivyogeuka kijani kadhalika. Wakati wa kuvuna viazi Uporoto marundo ya majani hubaki kando ya nyumba. Yaondoe. Pareto nayo. Maua yanayoanikwa kwenye mikeka Mufindi na Mbeya hutengenezwa dawa ya wadudu, na wanyama wenye damu baridi huathirika na dawa hiyo kuliko sisi. Kobe asipite penye pareto inayokauka. Ongeza mnyonyo, oleanda, na tumbaku.

Kalsiamu nitaipata wapi bila duka la wanyama?

Jikoni. Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti. Tunayaosha, tunayakausha, tunayakaanga kwenye kikaango kikavu dakika kumi kuua vimelea, kisha tunayatwanga kwenye kinu kidogo mpaka yawe unga laini kama wa muhogo. Mkubwa anapata nusu kijiko cha chai juu ya majani mabichi, mara mbili au tatu kwa wiki. Mtoto anapata bana ya vidole viwili kila siku nyingine. Mfupa wa ngisi ukiuletewa kutoka pwani, mwachie uwanjani auchune mwenyewe, utamsaidia na kuunoa mdomo. Porini kobe madoa hutafuna mifupa mikavu na hata kinyesi cheupe cha fisi kwa sababu hiyo hiyo.

Tafadhali sana, si chokaa ya kupaka ukuta. Ile huunguza mdomo na koo. Kuna mtu aliuziwa dukani kama “kalsiamu ya mifugo” na kobe wake hakufika wiki.

Kalsiamu bila jua ni kazi bure. Ngozi ya kobe hutengeneza vitamini D kwa mionzi ya jua lenyewe, na kioo cha dirisha huizuia mionzi hiyo. Kobe anayeota jua nyuma ya kioo anapata joto tu.

Juni imefika, kobe wangu hali. Anaumwa?

Huenda anasikia baridi. Simu zangu nyingi huja miezi ya Juni na Julai. Mbeya mjini iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa haiko chini sana ya hapo, na kobe wako ni mtoto wa Usangu. Hana moto wake mwenyewe tumboni. Ili kumeng'enya nyasi mwili wake unahitaji nyuzi joto kati ya 26 na 32 kwa saa kadhaa mfululizo. Usiku wetu wa Julai unaweza kushuka chini ya 10.

Na tofauti na kobe wa Ulaya au yule sanduku wa Marekani, kobe madoa halali usingizi wa msimu wa baridi. Akipoa sana hapumziki, anadhoofika. Chakula kilichomo tumboni kinachacha, na baridi inapanda kwenye mapafu.

Tunachofanya ni hiki. Asubuhi hatumpi kitu. Saa nne jua likishagonga ukuta wa matofali wa upande wa mashariki, tunamtoa na kumweka chini ya ukuta ule. Kwanza hukaa kama jiwe. Baada ya nusu saa shingo inatoka, miguu ya nyuma inanyooka mpaka unaona ngozi ya paja, macho yanang'aa. Hapo ndipo anakula. Anamaliza kabla ya saa nane, ili abaki na saa kadhaa za joto juu ya chakula chake. Jua likianza kulegea anaingia ndani, kwenye sanduku la mbao lenye nyasi kavu tele, limeinuliwa kutoka sakafuni kwa matofali. Siku ya ukungu wa kutwa hali, na hiyo si dhambi. Ninamwogesha kwa maji vuguvugu tu.

Usimweke jikoni usiku penye jiko la mkaa. Moshi usioonekana unaua watu, na unaua kobe.

Ikiwa kuna jua zuri siku tatu na bado hali, au anatoa mapovu puani, au anapumua mdomo wazi, hiyo si baridi ya kungojea. Tafuta daktari wa mifugo siku hiyo.

Anahitaji maji? Sijawahi kumwona akinywa.

Anahitaji. Weka sinia pana lisilo na kina, asizame. Mara mbili kwa wiki mweke kwenye beseni la maji vuguvugu yanayofika kidevuni, dakika 15 hadi 20. Watoto kila siku. Atakunywa kwa kuzamisha pua, na mara nyingi atajisaidia humo humo. Tazama kile kitu cheupe kinachotoka: kikiwa laini kama dawa ya meno, yuko vizuri. Kikiwa na chembe kama mchanga, hanywi vya kutosha.

Kiangazi majani yamekauka yote. Nifanye nini?

Kuanzia Agosti mpaka mvua za Novemba tegemea dungusi, mforosadi na nyasi kavu. Nyasi kavu tunazianika Aprili na Mei, zingali kijani kidogo, na kuzifungia darini. Zinyunyizie maji kabla ya kumpa, na zichanganye na kitu kibichi mpaka azizoee. Majani machanga ya mabingobingo, yale ya ng'ombe, yakatwe vipande vidogo. Nyasi zilizoota ukungu choma moto.

Na kobe mwenye bawaba?

Huyu ndiye wa karibu zaidi na yule kobe sanduku wa Marekani kwa sahani, ingawa si ndugu yake wa damu. Porini hula uyoga, konokono, jongoo, wadudu, matunda yaliyodondoka na majani. Mpe majani kama nilivyoeleza, yawe zaidi ya nusu. Ongeza uyoga mara mbili au tatu kwa wiki wakati wa mvua, ule ambao wewe mwenyewe ungekula. Konokono au minyoo ya ardhi mara mbili kwa wiki, kutoka shamba lisilopigwa dawa. Ganda la konokono ni kalsiamu yake. Kipande cha papai au embe mara moja kwa wiki kinamfaa. Anapenda kivuli na unyevu, na hula vizuri baada ya mvua kunyesha. Mwagia maji kona yake ya uwanja jioni halafu weka chakula, utaona.

Gamba la kobe wangu linaota vichuguu. Ni chakula?

Kwa sehemu. Sababu kubwa ni ukavu wakati akiwa mdogo, ukijumlishwa na chakula cha nguvu kinachomkuza mbiombio. Vichuguu vilivyokwisha kuota havirudi, lakini gamba jipya linaweza kukua laini ukirekebisha. Gamba linalobonyea kwa mtu mzima wa kobe madoa ni dharura tofauti: kalsiamu, jua, daktari.

Nimpe dawa ya minyoo kama ninayowapa mbuzi?

Soma hapa mara mbili. Ivamektini, ile sindano inayotumika kila zizi la ng'ombe na mbuzi mkoani, inaua kobe. Inawapooza, na kobe madoa ni miongoni mwa wanaoathirika vibaya zaidi. Daktari mzuri wa ng'ombe anaweza asilijue hilo kwa sababu hajawahi kutibu kobe, kwa hiyo mwambie wewe, kwa heshima, kabla hajavuta dawa kwenye sindano. Peleka kinyesi kikapimwe kwanza. Zipo dawa nyingine za minyoo zinazomfaa kobe, na kipimo hutokana na uzito, kwa hiyo mpime kwa mizani ukaandike kwenye daftari kila mwezi.

Tukisafiri wiki moja, nani amlishe?

Mkubwa mwenye afya, katika msimu wa joto, kwenye uwanja wenye ukoka na maji, anaweza kukaa na jirani anayemtazama mara moja kwa siku. Tatizo huwa ukarimu. Dada wa kazi na shangazi wanaokuja humwona anazungukazunguka wakadhani ana njaa. Sisi tumebandika karatasi nyuma ya mlango wa jikoni, kwa herufi kubwa: NYASI. DUNGUSI BILA MIIBA. MAJI. SAA KUMI AINGIE NDANI. Chini yake mwanangu aliongeza kwa kalamu nyekundu: “Shangazi, ugali hapana, hata akikuangalia.”